Kaka, ipi kali? Niliyoongea Kigoma kuhusu zana za michoro za databesi

Hii ni ile hotuba niliyowapa vijana wa kompyuta hapa Mwanga, Kigoma. Wengi waliomba niiandike, nimeiandika karibu kama nilivyoongea, nimepunguza utani tu.

Shikamooni wakubwa mliokuja, na wadogo zangu mambo vipi. Waha wenzangu, mwakeye.

Nimeombwa niongelee zana za michoro za kutengenezea databesi (majedwali ya taarifa yaliyounganishwa), yaani zile programu ambazo badala ya kukaa unaandika amri kwenye skrini nyeusi we unabofya tu, unavuta visanduku, unaviunganisha kwa mistari na majedwali yanazaliwa. Na swali mlilokuja nalo nalijua maana WhatsApp yangu imejaa hilohilo, kaka ipi kali, Workbench au DBeaver au Navicat? Sasa mimi sitaanza na majina. Nitaanza na kitu kimoja ambacho ukikishika majina yatajipanga yenyewe, nacho ni hiki: ukibofya pale, hiyo programu inakuonyesha SQL, ile lugha ya amri za databesi, iliyoiandika kwa niaba yako, au inakuficha?

Basi. Hicho ndo kipimo changu, karibu cha pekee. Kwasababu seva, yaani programu inayotunza databesi yenyewe, haijui kisanduku wala mstari wa rangi, seva inajua SQL. Huo mchoro wako mzuri mwisho wa siku unageuzwa maandishi, na hayo maandishi ndo yanaenda kwa mteja, ndo yanarudishwa siku diski ikifa, ndo anayasoma developa atakayekuja baada yako ambaye pengine hana hiyo programu yako kabisa.

Angalieni umri wa hivi vitu. Edgar Codd alitoa wazo la databesi za majedwali mwaka 1970 akiwa IBM kule Marekani, SQL ikaanza palepale IBM mwaka 1974, na Peter Chen akaleta ile michoro ya vitu na mahusiano mwaka 1976. Miaka hamsini na kitu na bado tuko nayo. Sasa linganisha na programu. Microsoft walikuwa na Azure Data Studio, watu wakaipenda, mwaka 2025 wakatangaza wanaistaafisha na watu wahamie kwingine. Ile SSMS yao, programu ya kusimamia databesi za SQL Server, toleo la 18 lilitoka sehemu ya michoro ikiwa imeondolewa kabisa, watu wakapiga kelele dunia nzima ndo ikarudishwa kwenye 18.1 mwaka 2019. Kwahiyo kama ramani pekee ya databesi yako inaishi ndani ya programu ya mtu, siku huyo mtu akibadilisha mawazo huna ramani. Ukiwa na faili la SQL unafungua hata kwa Notepad.

Haya tuchukue mfano wa hapahapa. Mama anakusanya dagaa Kibirizi, ana mitumbwi anayonunua kwake, ana wateja wa Kasulu, wa Dar, na wengine wanavuka maji kwenda Kongo na Burundi. Anataka mfumo. Wewe ukikaa unachora unagundua kumbe kuna mitumbwi, kuna manahodha, kuna mizigo iliyoshuka asubuhi, kuna wanunuzi, kuna malipo, na malipo yenyewe nusu ni mkopo. Mtumbwi mmoja unaleta mizigo mingi, hapo unachora ule mstari wenye mguu wa kunguru upande wa mizigo. Nahodha leo yuko mtumbwi huu kesho ule, na mtumbwi nao unabadilisha manahodha, hapo ni wengi kwa wengi, na kwenye databesi za majedwali wengi kwa wengi haikai bila jedwali la katikati. Uzuri wa mchoro ndo huu, kwamba unamwonyesha yule mama na anauelewa. Ye hajui SQL lakini ukimwonyesha kisanduku cha mzigo atakwambia hapohapo, mwanangu mbona hujaweka kipimo, si tunauza kwa ndoo na gunia? Na sarafu je, huyu ananilipa shilingi yule faranga? Na bei, mwanangu, bei ya asubuhi si ya jioni. Hapo kashakuokoa, maana ulikuwa umeweka bei kwenye jedwali la bidhaa, ukiibadilisha kesho mauzo yote ya jana nayo yanabadilika. Bei inakaa kwenye mstari wa mauzo yenyewe. Mchoro umefanya kazi yake pale, kabla hujaandika chochote.

Sasa twende tukachore hiyo kitu kwenye MySQL Workbench, maana vyuoni wengi ndo mnafundishwa hiyo na ni ya bure. Unatengeneza jedwali la nahodha na la mtumbwi, unachagua kile kitufe cha wengi kwa wengi, unabofya la kwanza unabofya la pili, na jedwali la katikati linajitokeza lenyewe. Linaitwa nahodha_has_mtumbwi. Nimeona mifumo imefika mpaka kwa mteja na hilo jina, mmechekaaa lakini mnajijua. Badilisheni jina, iteni zamu au chochote.

Kitu kingine hapohapo Workbench ambacho kinawatesa watu na hawajui kinatoka wapi. Kuna mistari ya aina mbili, ule uliokolea mfululizo na ule wa nukta nukta. Watu wanadhani ni urembo. Ule uliokolea unachukua ufunguo wa nje (kolamu inayoelekeza jedwali jingine) unauingiza ndani ya ufunguo mkuu (kolamu inayotambulisha kila mstari) wa jedwali la pili. Yaani ukiunganisha mtumbwi na mzigo kwa mstari uliokolea, ufunguo mkuu wa mzigo unakuwa namba ya mzigo pamoja na namba ya mtumbwi, ukiunganisha na malipo tena kwa mstari uleule malipo yanabeba funguo tatu, na ukifika jedwali la tano una mkia wa funguo hujui umetoka wapi. Kwa kazi nyingi za kawaida unataka ule wa nukta. Na utajuaje yote haya? Unabofya jedwali unasoma SQL yake kabla hujaituma. Dakika mbili.

Sasa naomba hapa mnisikilize vizuri kwasababu hili naulizwa kuliko yote. Kijana kachora Workbench, kapendeza, kabofya ile ya kugeuza mchoro kuwa databesi, anaelekeza XAMPP yake, ile seva ya majaribio ya kwenye laptopu, inagoma. Kosa 1064. Anasoma inasema kuna tatizo karibu na neno VISIBLE. Anafuta mchoro anachora upya, inagoma palepale. Anasakinisha Windows upya, jamani, kuna mtu kasakinisha Windows upya kwa ajili ya hili!

Kinachotokea ni hivi. Workbench ni ya MySQL, inamilikiwa na Oracle, na kwenye MySQL 8 kuna uwezo wa kuficha indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji), kwahiyo kila indeksi Workbench inaiandikia neno VISIBLE mwishoni. Lakini XAMPP yako, japo ile paneli imeandikwa MySQL, ndani yake ni MariaDB. MariaDB ilichipuka kutoka MySQL mwaka 2009, Monty Widenius yuleyule aliyeanzisha MySQL ndo aliyejitenga, na hizi mbili zimekuwa zikiachana kidogo kidogo kila mwaka. MariaDB hailijui hilo neno hapo. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya Workbench upande wa michoro, kuiambia toleo unalolenga ni 5.7, au kufungua ile SQL na kufuta hilo neno kila lilipo. Ndo maana nasema muulize kwanza mteja seva yake ni ipi, ndo uchague zana. Hosting (seva za kukodi) nyingi za bei rahisi ukiingia unakuta MariaDB, wewe unachora kwa zana ya MySQL 8 kisha unalaumu intaneti.

Kwahiyo kwa mtu wa XAMPP na hosting za kawaida mimi nampeleka HeidiSQL. Ni ya bure, nyepesi, laptopu ya kizamani inaibeba, na ukisakinisha MariaDB yenyewe kwenye Windows inakuja nayo. Haina mchoro wa visanduku, hilo nakubali. Lakini chini kabisa ya dirisha lake kuna sehemu inayoandika kila SQL inayoituma, kila kitu, umefungua jedwali inaandika, umeongeza kolamu inaandika. Mtu akikaa nayo miezi michache anajua SQL bila kufundishwa na mtu. Kwangu mimi hii inashinda programu nyingi za kulipia.

phpMyAdmin, ile ya kufungulia kwenye brauza, mnaijua wote, ipo tangu 1998 na karibu kila hosting inayo. Nayo ina kitufe cha kutazama SQL kabla ya kuhifadhi, kipo palepale jirani na cha kuhifadhi ila sijui kwanini hakuna anayekibofya. Ina hata sehemu ya kuchora. Shida yake ni kuingiza faili kubwa, PHP, lugha inayoiendesha, ikiwa imeachwa kama ilivyozaliwa inapokea faili la MB 2 tu, kwahiyo bakapu ya mteja inagoma na mtu anaanza kuikatakata vipande. Hapo tumia HeidiSQL au mstari wa amri, usiteseke.

DBeaver. Hii ukiwa unahama hama kati ya MySQL, PostgreSQL, SQLite, SQL Server, we chukua hii usifikirie sana, toleo la Community ni la bure na linakuchorea mchoro wa databesi iliyopo tayari, ambayo ni kazi nzuri sana ukirithi mfumo wa mtu usioujua. Umeletewa mfumo wa dispensari, majedwali mia na kitu, hakuna hata ukurasa mmoja wa maelezo, unafungua DBeaver unaona nani kaungana na nani. Ila angalizo: ukiona visanduku vimetawanyika bila mstari hata mmoja ujue aliyetengeneza hakuweka funguo za nje, na hapo mchoro haudanganyi, databesi ndo ilivyo. Mara nyingi ni majedwali ya zamani ya MyISAM, hiyo injini ya kuhifadhia majedwali ya MySQL ilikuwa inapokea ufunguo wa nje inanyamaza, haiulindi. InnoDB ndo inaulinda na imekuwa chaguo la kawaida la MySQL tangu 5.5.

Na jambo la bando. DBeaver mara ya kwanza unapounganisha aina fulani ya databesi inaomba ipakue draiva, kiunganishi cha databesi hiyo, kwenye intaneti. Ukiwa na wifi ya ofisi hilo huliwazi. Ukienda Buhigwe au Kakonko kwa mteja mtandao unasuasua unabaki unatazama mshale unazunguka. Kabla hujapanda gari unganisha kila aina utakayohitaji ukiwa mjini, draiva zikae kwenye mashine.

pgAdmin kwa watu wa PostgreSQL sina maneno mengi, ni nzito kwenye mashine dhaifu lakini ukibofya kitu chochote kuna kijisehemu kimeandikwa SQL kinakuonyesha kilivyotengenezwa, na siku hizi wameiongezea kuchora. Inatosha.

Sasa draw.io. Najua mnaipenda na kwa ripoti ya chuo ni safi. Lakini ni mchoro wa nyumba uliochorwa na fundi wa rangi, unapendeza ila haujui tofali. Utaunganisha kolamu ya maneno na kolamu ya namba na haitasema kitu. Kama unataka kuchora haraka na kupata SQL, kuna dbdiagram.io, unaandika maandishi mafupi upande mmoja mchoro unajichora upande wa pili, na unatoa SQL ya MySQL, PostgreSQL au SQL Server. Yale maandishi unayaweka kwenye Git, programu ya kutunza historia ya mafaili, ukibadilisha kitu unaona kabisa mstari gani umebadilika. Nami naipenda kwa hilo tu. Inataka intaneti lakini, umeme ukikatika na mnara ukalala umekwama.

Kuna jambo la chaguo ambazo zana inakujazia yenyewe. phpMyAdmin ukitengeneza jedwali kila kolamu inaanza ikiwa INT, yaani namba nzima. Workbench kolamu ya kwanza inakuwa INT, zinazofuata VARCHAR ya 45, yaani maneno yasiyozidi herufi 45. Mtu ana haraka anaacha hivyohivyo. Namba ya simu ikiingia kwenye INT ile sifuri ya mbele inapotea, na ukiandika kwa 255 namba inakuwa kubwa kuliko INT, maana INT inaishia bilioni mbili na kidogo. Mwingine anajiona mjanja, namba ya NIDA anaiweka BIGINT, namba nzima kubwa zaidi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na inaanza na mwaka wako wa kuzaliwa. BIGINT hata ile isiyo na hasi inaishia 18,446,744,073,709,551,615. Kwahiyo yeyote ambaye namba yake inaanza na 19 au 20 haingii. Hiyo kolamu ingewatosha Livingstone na Stanley waliokutana hapo Ujiji mwaka 1871, mmoja wa 1813 mwingine wa 1841, hao wangeingia vizuri kabisa, mimi na wewe hapana. Na seva ikiwa ukali wake wa kukagua data umezimwa haikwambii, inaikata inaweka ile namba ya mwisho, unakuta kijiji kizima kina namba moja. Namba ambayo huijumlishi na huitoi, weka maneno. Pesa weka DECIMAL inayoshika senti sawasawa, usiweke FLOAT inayokadiria.

Za kulipia nitapita haraka. Navicat ni nzuri, DataGrip ni nzuri sana, mwajiri akikulipia tumia kwa raha. Lakini hizi za kraki mnazopeana kwenye fleshi, mimi naomba mjiulize tu mle ndani mnahifadhi nini. Mnahifadhi nywila za seva za wateja. Umechukua programu iliyofunguliwa kufuli na mtu usiyemjua, ukaipa funguo za databesi ya saccos. Tangu tarehe 1 Mei 2023 sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi inatumika, ile ya 2022, na Tume ya kuisimamia ipo. Kuna ofisi moja, siitaji, fundi wao alikuwa anatembea na data zote za wateja kwenye laptopu ili "ajaribie mchoro", majina, simu, madeni, kila kitu. Mchoro hauhitaji data za kweli hata mstari mmoja. Chukua muundo tu bila data, kila zana niliyoitaja yenye kutoa bakapu inakuruhusu kuchagua hivyo.

Na mkiunganisha seva ya mteja kutoka mbali msifungue mlango wa 3306, ambao MySQL inasikilizia, kwa dunia nzima, tumieni njia ya SSH, muunganisho uliofungwa kwa siri, Workbench inayo, DBeaver inayo, HeidiSQL inayo. Kwenye DBeaver muunganisho wa seva ya kazi uwekeni aina ya production, unapata rangi yake nyekundu, macho yanajua uko wapi kabla mkono haujabofya. Workbench nayo ukijaribu DELETE bila WHERE, yaani kufuta bila kusema mistari ipi, inakugomea kwa kosa 1175. Watu wanatafuta Google namna ya kuizima. Iacheni.

Kulikuwa na maswali. Dada mmoja wa mbele kauliza, kama mteja ana SQLite kwenye simu, anatumia nini? DB Browser for SQLite, ya bure, na ndani yake kuna sehemu inayoonyesha amri zilizotumwa, chukua hiyo. Kijana mwingine kauliza, mwalimu wangu anataka mchoro wa Workbench na mteja anataka MariaDB nifanyeje? Chora Workbench ukiwa umelenga 5.7, toa SQL kwenye faili, ijaribu kwenye MariaDB yako mwenyewe, na kuanzia siku hiyo faili ndo mwenye mamlaka, mchoro unausasisha ukipata nafasi. Mzee mmoja wa shule kauliza kama hizi zana zinaweza kumsaidia na Excel yake ya ada. Zinaweza, mzee wangu, HeidiSQL na DBeaver zote zinaingiza CSV, faili la maandishi ambalo Excel inalitoa, ila kabla hujahamisha hakikisha kolamu ya NIDA ya wazazi ni maneno humo Excel, maana Excel inashika tarakimu 15 tu zinazobaki inageuza sifuri, na kama zilishaharibika hakuna programu itakayozirudisha, itabidi urudi kwenye fomu za karatasi.

Programu zote za bure nilizozitaja nimeziweka kwenye fleshi, ziko kwa dada pale mlangoni, pamoja na skripti ya lile jedwali la dagaa. Nakilini muwapishe wenzenu, na fleshi mzirudishe.